Kipanga Aliyekunja Mbawa

Kosa la Ekai lilikuwa kuipima ndege kwa macho. Ndivyo Molu Abdikarim alivyowaeleza polisi: kwamba fundi huyu wa kuchomelea aliizunguka ndege ya vita ya marehemu baba yake Molu, akaigongagonga kwa kidole, akaenda zake akitikisa kichwa, na sasa ndege haipo. Kwa Molu kesi ilikuwa imekwisha. Vijana wa ukoo wake walikuwa wamechuchumaa nje ya kituo tangu asubuhi, wakinong'onezana maneno ambayo yakishatoka mdomoni hayarudi. Inspekta Sabdio Elema aliwapita, akawapa salaam aleikum moja ya kuwatosha wote. Alijua kwamba jua likizama bila jibu, karakana ya Ekai itaamka majivu.

Alimkuta fundi ameegemea ukuta wa seli.

"Habari, Ekai."

"Nzuri, madam. Nimefungwa tu."

Konstebo Emanikor alicheka kidogo, akanyamaza alipoona bosi wake hacheki. Sabdio akataka kujua yale macho ya kupima yalikuwa ya nini. Ekai hakuzunguka. Alisema Molu mwenyewe ndiye aliyemwita, akamtaka aikate ndege vipande vipande, maana kuna wanunuzi wa skrapu kutoka Nairobi wanaingoja. Yeye akaiangalia, akakataa.

"Ulikataa kazi?"

"Nilikataa kufa, madam. Chini ya kile kiti kuna baruti."

Akaeleza kwamba rubani wa ndege ya vita, mambo yakimharibikia angani, hafungui mlango akaruka. Kiti chenyewe kinamrusha, yeye na kiti chake, kama jiwe linavyotoka kwenye teo. Marehemu Mzee Abdikarim alikuwa amemwonyesha pembetatu nyekundu iliyochorwa ubavuni karibu na kiti, akamwambia hiyo ndiyo alama ya hatari. Juu ya kichwa cha anayekaa kuna kitanzi. Ukikivuta kwa mikono miwili, imekwisha. Kwa hiyo mzee alikifunga kwa waya kifuniko cha kioo kilicho juu ya kiti, akausokota kwa koleo, hivi, Ekai akaonyesha kwa mkono, na hakuna mtoto wa mtaa wa Kiwanjani aliyewahi kuingia humo.

"Hiyo baruti ni ya zamani za wakoloni," Emanikor alisema. "Si imeshalala?"

"Nyoka akizeeka anaacha sumu?" Ekai akamuuliza.

Sabdio aliitazama mikono ya fundi. Kila mkunjo wa ngozi ulikuwa umeingiwa na grisi nyeusi, na harufu yake ilijaa seli nzima. Akaiweka harufu hiyo kichwani, akatoka.

Ua wa marehemu ulikuwa ukingoni mwa Kiwanjani, mahali nyumba zinapokwisha na vichaka kuanza. Hakuna mtu wa Isiolo asiyejua habari za ndege ile. Waingereza walioiunda waliiita Sea Hawk. Mji ukaiita Kipanga, na jina likakaa. Ilikuwa moja ya ndege za mwanzo mwanzo za jeti kufundishwa kuishi melini, na ilishushwa Mombasa ikiwa mgonjwa, ikaachwa, ikapigwa mnada. Mzee Abdikarim alikuwa ameshuka pwani kuuza madume ya ng'ombe. Wenzake walirudi na vitambaa vya wake zao. Yeye alirudi na ndege imefungwa nyuma ya lori, na mji mzima ukatoka kumlaki, wengine wakimcheka, wengine wakishindwa kufunga midomo.

Waliomcheka walinyamaza baadaye. Nani angeendelea kucheka mbele ya kitu kizuri namna ile? Mwili mmoja laini kama samaki, bila panga za kuzunguka puani. Ilivuta hewa kwa midomo miwili iliyofichwa kwenye mizizi ya mbawa, na ikatoa moto kwa matundu mawili ubavuni, ili mkia ubaki mwembamba. Na kazi yake! Kuruka kutoka kwenye sitaha ya meli, kupotea mawinguni, kisha kuitafuta meli ile ile ambayo nayo haikai mahali pamoja, na kutua juu yake ikiyumba. Chini ya mkia ilikuwa na kulabu ya chuma ya kunasa waya uliotandazwa melini, ikasimama pale pale kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Wazee waliokuwa wakipita hapo na mifugo yao walikuwa wakisema aliyeiunda hakuwa na haraka.

Sasa Sabdio alisimama getini, hakuingia. Ardhi ilimwonyesha ndege ambayo haipo. Miaka yote ile mbuzi walikuwa wakilala kwenye kivuli chake, na samadi ilikuwa imeshona umbo lake lote chini: mwili, mkia, mbawa mbili zilizonyooka.

"Wameikata," Molu alisema. "Usiku wa kuamkia jana nililala mnadani na ng'ombe, nikarudi haipo. Ukuta ni mzima na geti ni jembamba. Angeitoaje bila kuikata? Amenimaliza huyo fundi, madam. Watu wa Nairobi wanakuja, niwaonyeshe mavi ya mbuzi?"

Sabdio aliomba kamba ya ngamia. Yeye na Emanikor wakainyoosha juu ya kivuli cha samadi, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kisha wakaipeleka getini. Geti lilimeza thuluthi moja tu ya kamba. Molu akafungua mikono, kama mtu anayesema, si nilikwambia.

"Mtu akikata chuma, anaacha nini?" Sabdio aliuliza.

Emanikor alisema anaacha vumbi la chuma, na udongo ulioungua. Wakatafuta, hawakuona hata kimoja. Walichoona ni maganda ya rangi ya zamani yaliyoanguka chini kwa mstari mmoja, yakikatiza bawa la kulia, na mstari mwingine kama huo kwenye bawa la kushoto, pale pale, karibu na mwili. Mahali pengine pote hapakuwa na ganda hata moja. Sabdio alichuchumaa juu ya mstari huo.

"Rangi haianguki hivi kwa upepo," alisema. "Hapa kuna kiungo kilichofunguka. Molu, melini wanaziweka wapi ndege zote hizo?"

Molu hakujua. Alisema babake alikuwa akisimulia mambo mengi, na yeye utotoni alikuwa akisinzia.

"Meli ni nyumba ya watu wengi na nafasi ndogo," Sabdio alisema. "Wewe mwenyewe ukilala pamoja na ndugu zako chumba kimoja, unalala umenyoosha mikono?" Akasimama, akainua mikono yake miwili juu, viwiko vikiwa vimebana mbavu. "Mbawa zake zinakunjwa. Imetoka hapa nzima."

Akaenda kwenye nguzo za geti. Kwenye kila nguzo, sawasawa na bega la mtu mrefu, palikuwa na mkwaruzo, na juu ya mkwaruzo siafu wadogo walikuwa wamepanga foleni kama watu wa kura. Sabdio alipitisha kidole, akanusa, akampa Emanikor anuse.

"Mafuta ya mkia wa kondoo," konstebo alisema, akameza mate.

"Ekai angelainisha bawaba za mbawa kwa kitu gani?"

"Kwa grisi. Hata mikate yake ina grisi."

"Basi huyu ni mtu wa jikoni."

Alikuwa anafuta kidole pale kiatu chake kilipogusa kitu. Kilikuwa waya mnene uliosokotwa, wenye kutu mwili mzima isipokuwa nchani, ambako ulimeta. Ulikuwa umekatwa majuzi. Molu alisema labda ni waya wa uzio. Sabdio aliuzungusha waya vidoleni. Aliukumbuka mkono wa Ekai ukisokota hewa kwa koleo lisilokuwepo. Kumbe kifuniko kilikuwa kimefunguliwa! Popote ilipo ndege ile saa hii, kiti chake kilikuwa wazi, na kiti kizuri hakikosi mtu wa kukikalia.

"Twende haraka," alimwambia Emanikor.

Karibu na kona, Istahil alikuwa akiuza maziwa ya ngamia kwenye madumu yake, kama kila siku. Hakuna kinachopita njia ile bila yeye kukipa jina. Sabdio alimsalimia, akauliza kama alfajiri ya jana aliona ndege ikipita.

"Ndege, abaayo? Dada yangu, mimi ningeona ndege ningenyamaza? Ningekuwa nimeshaolewa na rubani." Alicheka mpaka dumu likatikisika. Alichoona ni watu wanahama tu. Trekta ilivuta nyumba ya mikeka, kubwa ajabu, na miti yake imesimama juu pande mbili, vile inavyosimama kwenye mgongo wa ngamia siku ya kuhama. Aliwaombea heri. Alidhani ni nyumba ya harusi, akasema moyoni bibi harusi huyu ana bahati, mimi nilipewa nyumba ya kuku.

"Trekta ilielekea wapi?"

"Barabara ya Ngare Mara. Kwani ni makosa kuhama?"

Emanikor alitaka waifuate hapo hapo. Barabara ya Ngare Mara ina njia za pembeni kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, Sabdio alimwambia. Wangetafuta mpaka kesho. Kwanza wamuulize anayejua. Na anayejua ni mwenye ile mikeka. Kwa watu wake nyumba ya mikeka ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayeishona, yeye ndiye anayeipakia, na hakuna mwanamume, hata awe mwizi wa namna gani, atakayegusa mkeka wa nyumba ya mwanamke bila ruhusa yake na akalala usingizi. Mikeka ya kufunika ndege nzima anayo mwanamke mzee, aliyeshona maisha yake yote.

Walirudi ndani ya ua ule ule. Nyuma ya nyumba ya bati ya Molu kulikuwa na kibanda cha mama yake, Bisharo, mjane wa Mzee Abdikarim. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amejifunga shuka jeusi la eda, na tasbihi mkononi.

"Salaam aleikum, Akko," Sabdio alisema, vile watu wake wanavyomwita bibi.

"Aleikum salaam, binti Elema. Karibu kiti."

"Mimi ni mtoto wako, nitakaa chini. Nitandikie mkeka."

Bisharo alisogeza punje moja ya tasbihi, na nyingine. Akasema mikeka iko juani.

"Akko, mikeka yako iko juu ya ndege," Sabdio alisema polepole. "Sikuja kukushika. Nimekuja kwa sababu nimeokota huu."

Akamwekea ule waya mapajani. Mzee yule aliutazama kama mtu anayeangalia nywele za mtu aliyekufa. Kisha akaanza kusema, na alipoanza hakujificha. Mumewe alikuwa amemwambia, hii ndege isikatwe. Molu akaileta biashara ya skrapu hata mwaka wa msiba haujakwisha. Basi Bisharo akamwita kaka yake Waqo, mwenye trekta ya kulimia shamba lake kando ya mto huko Gotu. Mbawa alizikunja yeye, kwa sababu akiwa bibi harusi alimshikia mumewe taa alipokuwa akijifunza kuzikunja. Trekta ilishika kulabu ya mkiani ikaivuta kinyumenyume, maana mumewe alikuwa akisema kulabu hiyo ilizuia ndege inayokimbia, itashindwaje na trekta? Na breki zilihitaji mtu wa kuzikanyaga.

"Nani alikanyaga?" Emanikor aliuliza.

"Mimi." Akamkazia macho. "Unashangaa nini, kijana? Nimewahi kumpanda ngamia dume mwenye kichaa. Huyu wa chuma ana adabu."

Hata Sabdio alitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka.

"Uliposhuka, Akko, kifuniko ulikifunga?"

Tasbihi ilisimama.

"Mzee hakukwambia kwa nini anafunga kwa waya?"

"Alisema kiti kinarusha mtu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Binti yangu, sisi tunawaambia watoto kila mahali kuna fisi. Kwenye gunia la sukari kuna fisi, chini ya kitanda kuna fisi. Nilidhani ni fisi wake wa kufukuzia watoto." Akainuka ghafla, akamrudishia Sabdio waya. "Huko kwa Waqo kuna wajukuu."

Waqo alipopigiwa simu hakupatikana. Gotu simu ni ya kupanda kilima, ndipo mtandao ushike.

Gari la polisi lilikata vumbi, Emanikor akiwa kwenye usukani, Bisharo nyuma akisoma dua kwa sauti ya chini. Waliiona ile nyumba kubwa ya mikeka kwa mbali, chini ya migunga kando ya mto. Upepo ulikuwa umeinua mkeka wa mbele, na pua ya Kipanga ilichungulia nje, ikimeta jua la alasiri kama kitu kilichooshwa. Ilipendeza mpaka ikatisha. Waqo alikuwa akija mbio kutoka shambani, jembe begani, akidhani wamekuja kumfunga. Sabdio alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

Kifuniko cha kioo kilikuwa kimesukumwa nyuma. Kwenye kiti cha rubani alikuwa amekaa msichana mdogo wa kitambaa cha manjano, mgongo umenyooka, mikono yote miwili imeshika kitanzi juu ya kichwa chake.

"Ikra!" Waqo alipaza sauti.

Sabdio alimziba mdomo kwa kiganja. Mtoto akishtuka huvuta alichoshika. Hata mzazi asiyejua kusoma anajua hilo, na ndilo tunalosahau hofu ikitupanda. Akamwachia Waqo, akasogea karibu na ndege taratibu, kama mtu anayekwenda kuomba maji.

"Ikra," alisema. "Mnacheza nini?"

"Tunateka maji," mtoto alijibu, akijivuna. "Mimi ndiye mvutaji. Sadiya yuko chini kisimani."

Kutoka kwenye tumbo la ndege, pale gurudumu linapoingia, ilisikika sauti nyingine ndogo ikijikohoza. Sabdio akaelewa. Watoto hawa hawakuwahi kuona meli wala rubani, lakini kisima walikijua. Shimo liko chini, kiti kiko juu ya ukingo, kamba ina kitanzi. Kingekuwa nini kingine? Na kisimani, tangu babu wa babu zao, kamba haivutwi kabla aliye chini hajaimba. Ukivuta kabla, unamwagia mwenzako ndoo kichwani. Wimbo ukianza, mvutaji anavuta kwa nguvu zake zote.

"Sadiya ameimba?" aliuliza.

"Bado. Anatengeneza koo."

Sabdio hakugeuka. Alimpa Emanikor ishara kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Konstebo yule mkubwa alilala kifudifudi, akatambaa chini ya bawa kama anayetafuta sindano. Juu, vidole vya Ikra vilijipanga upya kwenye kitanzi.

"Vizuri," Sabdio alisema. "Wewe ni mvutaji hodari. Mvutaji hodari hufanyaje kama wimbo haujaanza?"

"Anangoja."

"Anangoja mikono ikiwa wapi?"

Ikra alifikiri. Chini ya ndege, Sadiya alivuta pumzi ndefu, ile ya kabla ya neno la kwanza. Kisha pumzi ikakatika. Mkono wa Emanikor ulikuwa umefika mdomoni mwake.

"Mikono magotini," Ikra alisema mwishowe, kama anayejibu mwalimu, na akaachia kitanzi.

"Basi weka magotini. Usiguse kitu kingine. Nakuja kukuchukua."

Alipanda kwenye mzizi wa bawa, akamshika mtoto kwapani, akamwinua moja kwa moja hadi kifuani pake. Bisharo alimpokea chini, akamkumbatia mpaka kitambaa cha manjano kikaanguka, akasema Alhamdulillahi mara nyingi. Sabdio alibaki juu. Akavuta kifuniko kwa mikono miwili mpaka kikakaa, akatoa mfukoni waya wenye kutu, akausokota mahali pake. Ulitosha kushikilia mpaka wataalamu wa mabomu waitwe. Kabla ya kushuka alipitisha kiganja juu ya chuma. Hakikuwa na kona hata moja ya kumkwaruza mtu.

Kisha akapanda kilima, akapata mtandao, akapiga simu kituoni. Alisema maneno machache: mfungulieni Ekai, na mwambieni Molu awatoe vijana wake hapo nje, mwizi wake ni mama yake.

Aliporudi, Waqo alikuwa ameshaanza kuwaonya watoto. Alikuwa akiwaambia ndani ya ndege kuna fisi.

"Hakuna fisi," Bisharo alimkatiza. Akaketi mchangani pamoja nao, yeye na eda yake, akawaonyesha ile pembetatu nyekundu. Akawaambia yote: baruti iko wapi, kitanzi kinafanya nini, na kwamba babu yao alifunga na yeye akafungua. Hakuficha hata kidogo. Ikra aliviangalia viganja vyake, kimoja baada ya kingine.

Sadiya, aliyekuwa bado ameshikwa mkono na Emanikor, alimvuta konstebo suruali.

"Sasa ninaweza kuimba?"

Emanikor alimtazama inspekta. Inspekta alitazama waya, kifuniko, na mikono ya Ikra, iliyokuwa magotini.

"Imba," alisema.

Mtoto akaimba wimbo wote wa kisima, mpaka mwisho, na hakuna aliyevuta kitu.